Karatasi imeandikwa PLT 78: je, damu imekwisha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, ni dereva wa bodaboda hapa Sengerema. Wiki iliyopita alishikwa na homa kali, akapimwa, akakutwa na malaria, akaanzishiwa dawa ya mseto. Siku ileile walimpima FBP, kile kipimo cha picha kamili ya damu, karatasi ikatoka na PLT 78 na pembeni herufi L. Tuliambiwa tu "chembe sahani ziko chini", akaitwa mgonjwa mwingine. Tangu hapo nyumba nzima haina amani. Mama anamnywesha juisi ya rozela na kumlisha maini, shangazi anataka asagiwe majani ya mpapai, jirani anasema hiyo ni saratani ya damu na tuanze kutafuta watu wa kumchangia. Homa imeshakata, anakula, anataka kurudi barabarani. Hizo chembe sahani ni kitu gani hasa, na tufanye nini? Nimekutumia picha ya karatasi.

JIBU: Marahaba, dada. Umenisaidia sana kupiga picha karatasi nzima, maana nyumbani kwenu mmesoma mstari mmoja tu, ule wenye L. Mimi nimeanzia juu. HGB ni 13.8. WBC ni 5.9. Ya kwanza ni himoglobini, inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Kwa mwanamume, kuanzia 13 tunahesabu kuwa ni ya kawaida. Ya pili ni chembe nyeupe, askari wa mwili, nazo ziko mahali pake. Kwa hiyo kabla sijafika kwenye chembe sahani nikuondoe wasiwasi mmoja: damu ya mdogo wako haijapungua. Kilichopungua ni kitu kingine kinachosafiri ndani ya damu hiyo.

Neno "kupungukiwa damu" kwetu tumelibebesha mzigo mkubwa mno. Himoglobini ikiwa ndogo, mtu kapungukiwa damu. Presha ikishuka, kapungukiwa damu. Sasa na chembe sahani nazo zimetiwa kwenye gunia hilohilo, ndiyo maana mama amekimbilia maini. Maini yana madini ya chuma, na mwili hutumia chuma kutengeneza himoglobini. Chembe sahani hazingoji chuma. Tena kuna jambo ambalo huwashangaza hata wanafunzi wangu: mama mwenye upungufu wa kweli wa madini ya chuma, yule aliyepauka viganja na anayehema akipanda kilima kidogo, mara nyingi ukimpima unakuta chembe sahani zake zimepanda juu, wakati mwingine kupita 450. Huyo ndiye wa kupewa maini. Kijana wenu ale tu kama anayapenda.

Chembe sahani ni vipande vidogo sana, vyembamba, vyenye umbo la sahani, vinavyoelea kwenye damu. Upana wake ni mikromita 2 hadi 3; chembe nyekundu ni kama mikromita 7 au 8, nayo bado huioni bila hadubini. Nimesema vipande kwa makusudi. Chembe sahani si seli kamili, haina kiini. Kwenye uboho, ule ute ulio ndani ya mifupa, kuna seli kubwa kupita kawaida zinazoitwa megakariositi. Umewahi kumwona mpika chapati akiviringisha unga mpaka unakuwa kamba ndefu, kisha anaukata donge moja moja? Megakariositi hufanya hivyohivyo: hunyoosha mikono mirefu ndani ya mishipa ya damu ya uboho, na mikono hiyo hukatikakatika na kuwa chembe sahani. Seli moja hutoa maelfu. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza kama bilioni 100 kwa siku, na kila moja huishi siku 7 hadi 10, kisha huokotwa na bandama na ini. Kumbuka hizo siku 7 hadi 10, nitazirudia.

Ilichukua muda kujua kazi yake. Wapo walioviona vitu hivi kwenye hadubini mapema bila kuelewa ni vya nini. Aliyefungua fumbo ni Mwitaliano Giulio Bizzozero wa Torino, ambaye mwaka 1882 alieleza alichokiona ndani ya mishipa midogo ya mnyama aliye hai: ukuta wa mshipa ukijeruhiwa, vipande hivi ndivyo vya kwanza kujirundika pale, kabla ya kitu kingine chochote. Kwamba vinatoka kwenye zile seli kubwa za uboho tulikuja kujua mwaka 1906, kwa kazi ya James Homer Wright wa Boston.

Kazi yenyewe wewe wa kando ya ziwa utaielewa kuliko watu wengi. Fundi wa mitumbwi ya mbao akimaliza kupigilia mbao, baina ya ubao na ubao hubaki nyufa, naye huzisokomeza pamba ili maji yasipenye. Watu wa pwani wanaiita kalafati, na jahazi lisilotiwa kalafati halifiki mbali hata liwe la mbao za mvule. Chembe sahani ni kalafati ya mishipa ya damu. Tofauti ni kwamba pamba hii inaelea yenyewe, inaugundua ufa yenyewe, na inajisokomeza yenyewe.

Chukulia umejikata kidole ukimenya muhogo. Sekunde za kwanza mshipa uliokatika hujibana. Ndani ya mishipa kuna utando laini ambao chembe sahani hupita juu yake bila kushika. Chini ya utando huo kuna nyuzi za protini ya kolajeni, ambazo damu haikutakiwa kuzigusa. Kisu kimezifunua. Protini nyingine ya kwenye damu, iliyopewa jina la daktari wa Finland Erik von Willebrand, hunasa kwenye hizo nyuzi na kuning'inia kama kamba, na chembe sahani zinazopita kwa kasi hudaka kamba hiyo. Ikishashika tu, chembe sahani hubadilika umbo. Usahani unaisha, inakuwa kitu cha mviringo chenye miiba, kama mbigili inayong'ang'ania kwenye pindo la kanga. Kisha humwaga kemikali ilizokuwa imezihifadhi tumboni, na kemikali hizo huziita nyingine zilizo karibu. Nazo zinageuka, zinaita wenzake. Protini ya faibrinojeni huzishikanisha moja kwa moja. Ndani ya dakika chache tundu limezibwa.

Kizibo hicho peke yake ni chepesi. Wakati kinajengwa, protini nyingine za damu, nyingi zikiwa zimetengenezwa na ini, zinafanyiana kazi juu ya ngozi ya chembe sahani hizohizo mpaka zinafuma wavu wa nyuzi za faibrini juu ya kizibo. Baadaye chembe sahani hujikunja na kuuvuta wavu ule, ukakaza. Ukitaka kuliona hilo kwa macho, tazama damu iliyoachwa igande kwenye chupa ya kioo isiyo na dawa: baada ya saa moja au mbili bonge limesinyaa na limezungukwa na maji ya manjano. Zilizolisinyaza ni chembe sahani. Kazi ikiisha, zinaacha pia kemikali za kuchochea nyama mpya kuota, ndiyo maana kidonda huanza kupona kikiwa bado na kigaga.

Kwa hiyo mtu mwenye chembe sahani chache mno anavuja mahali ambapo mishipa midogo hupasukapasuka kila siku bila sisi kujua. Fizi zinatoa damu akipiga mswaki. Damu puani haikomi. Hedhi inakuwa nzito isivyo kawaida. Ngozi inavilia damu hata pale asipokumbuka kugongwa, na miguuni hutokea vidoa vidogo kama ncha za sindano ambavyo ukivibonyeza havifutiki. Kwenye ngozi nyeusi vidoa hivyo hujificha, basi tazama kaakaa la juu mdomoni na upande wa ndani wa kope za chini. Ugonjwa wa himofilia, ambao protini za ule wavu ndizo zenye hitilafu, una sura nyingine: goti linavimba kwa damu, au jeraha linakoma kisha linaanza tena baadaye.

Sasa hiyo 78. Wengi wanadhani kijana amebakiwa na chembe sahani 78, kama anavyobakiwa na shilingi mfukoni. Soma kipimo kilicho mbele ya namba: ni bilioni 78 kwa kila lita ya damu, au ukipenda 78,000 kwa kila mikrolita. Katika tone moja la damu yake zimo karibu milioni 4. Kawaida ni kati ya 150 na 450, kwa hiyo ni kweli ziko chini, mashine haikukosea kuweka L. Lakini maumbile yametupa akiba kubwa. Juu ya 50 ni nadra mtu kutokwa damu bila kujeruhiwa, na hata upasuaji wa kawaida mara nyingi hufanyika. Kati ya 20 na 50 tunakuwa waangalifu. Chini ya 10 ndipo damu inaweza kutoka yenyewe, pamoja na mahali pabaya kuliko pote, kichwani. Namba hizi si kuta. Nimeona mtu wa 15 aliyekuja kwa miguu yake akicheka, na mtu wa 60 akivuja kwa sababu ini lake lilikuwa limechoka na protini za wavu hazitoshi. Ndiyo maana nakuuliza kwanza: kijana anavuja popote? Kwa maelezo yako, hapana.

Kwa nini zilishuka? Kwa malaria, dada. Huo ndio ushahidi ulio mbele yetu, wala si jambo la ajabu: wagonjwa wengi wa malaria hushuka chembe sahani, kiasi kwamba mtu akija na homa na PLT yake iko chini, kabla hata ya kipimo cha malaria kutoka mimi huwa nimeshaanza kuishuku. Kinga ya mwili huzibandika alama na kuzila, nyingine hutumika kwenye mishipa midogo iliyokwaruzwa na ugonjwa, na bandama, ambayo hata siku za kawaida huhifadhi kama theluthi moja ya chembe sahani zote, huvimba na kuzizuilia nyingi zaidi. Kiwanda cha uboho bado kinafanya kazi. Vimelea wakishaondoka, namba hupanda yenyewe, na mara nyingi ndani ya wiki moja hivi imerudi au inakaribia.

Kuna kipande cha elimu hapa ambacho mimi binafsi nakipenda. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba chembe sahani hujibandika kwenye chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria na kuwaua vimelea humohumo ndani. Mwaka 2012 wakaonyesha kwamba silaha hiyo hufanya kazi kama chembe nyekundu ina kishikio kinachoitwa Duffy. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara hatuna kishikio hicho kwenye chembe zetu nyekundu. Kukikosa kunatukinga na aina nyingine ya malaria, vivax, ambayo huingilia hapohapo. Kwa hiyo mlango uleule uliofungwa kumzuia mwizi mmoja huenda umemfungia nje mlinzi wa mwizi mwingine. Haya ni ya maabara, hayabadilishi matibabu ya mdogo wako.

Jirani kasema saratani. Saratani ya damu hushusha chembe sahani, hilo ni kweli, kwa sababu hujaza uboho na kukifukuza kiwanda. Lakini ikijaza uboho haichagui: himoglobini nayo huanguka, chembe nyeupe zinakuwa nyingi ajabu au chache ajabu, na mgonjwa huwa amekonda, ana homa zisizoisha, mifupa inauma. Ndiyo maana nilianza na ile mistari miwili ya juu. Ya kijana wenu imetulia, na homa yake ilikuwa na sababu ambayo imetibiwa na imekwisha. Sioni saratani hapa.

Ningependa zaidi mfikirie jambo dogo la maabara ambalo halisemwi sana. Damu ya FBP hutiwa kwenye chupa yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ndani ina dawa ya kuzuia isigande. Kwa watu wachache dawa hiyohiyo hufanya chembe sahani zishikamane vibonge. Mashine huhesabu kibonge kama kitu kimoja, au hukiruka, ikatoa namba ndogo wakati mwilini ziko tele. Damu ikikawia kuchanganywa na dawa baada ya kutolewa, vibonge hutokea pia. Dawa ya shaka hii ni mtaalamu wa maabara kupaka tone kwenye kioo na kutazama kwa hadubini, au damu kurudiwa kwenye chupa ya kifuniko cha bluu. Nimeshaletewa mtu aliyezungushwa miezi kadhaa kwa "ugonjwa" uliokuwa ndani ya chupa.

Kuhusu kumchangia damu: asante kwa moyo huo, lakini hahitaji. Tena chupa ya damu nyekundu isingempandishia chembe sahani kwa namna ya maana. Chembe sahani za kuongezewa huandaliwa kando, na utunzaji wake ni mgumu. Chembe nyekundu hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 6, kwa wiki 5 au 6. Chembe sahani zikiwekwa kwenye friji, mwili wa mpokeaji huzifagia upesi; hivyo hukaa nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa usiku na mchana, na kwa kawaida baada ya siku 5 hutupwa. Ndiyo sababu utazikuta hospitali kubwa zaidi kuliko za wilaya. Tunawapa wanaovuja, au wenye namba chini ya 10 kwa sababu uboho umelemazwa, kwa mfano na dawa za saratani. Kama mmeshakusanya watu wenye nia, wapelekeni kwa Damu Salama wachangie kwa hiari. Kuna mama anayejifungua mahali fulani anaihitaji chupa hiyo kweli.

Majani ya mpapai yamevuma kwa ajili ya homa ya dengue, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, na Mombasa nayo imeipata. Zipo tafiti ndogo zilizoona namba zikipanda kwa kasi kidogo kwa waliotumia. Lakini dengue yenyewe ikipita namba hupanda bila jani, na sijaona ushahidi wa kuniridhisha kwamba jani linazuia mtu kuvuja. Hata kuongezewa chembe sahani kwa tahadhari tu, kwa wagonjwa wa dengue wasiovuja, kulijaribiwa Singapore na Malaysia na matokeo yakachapishwa mwaka 2017: hakukuzuia kuvuja, kukaleta madhara zaidi. Mwambie shangazi, kwa heshima, kwamba juisi ile ni chungu bila faida kwa malaria. Kama ni lazima amsagie kitu, amsagie papai lenyewe.

Kitu ninachokiogopa kuliko mpapai ni dawa za maumivu. Mkimwona bado anaumwa viungo, apewe paracetamol. Asipewe aspirini, diclofenac wala ibuprofen, na asichomwe ile sindano ya makalio ya "kukata maumivu" ambayo maduka mengi huitoa bila kuuliza. Aspirini hufunga kabisa kimeng'enya ambacho chembe sahani hukitumia kuita wenzake, na kwa kuwa chembe sahani haina kiini haiwezi kutengeneza kingine. Imelemazwa mpaka kufa kwake, yaani zile siku 7 hadi 10 nilizokwambia uzikumbuke. Kwa mzee aliyewahi kupata shambulio la moyo huo ndio uzuri wa aspirini: chembe sahani zilizojirundika mahali pasipo na jeraha ndizo zilizomzibia mshipa. Kwa kijana mwenye 78 ni kuchukua pamba chache alizobakiwa nazo na kuzilowesha maji.

Amalize dozi yote ya mseto hata kama anajisikia mzima. Siku 7 hadi 10 baada ya dozi, arudi apimwe FBP, na muombe kabisa kioo kitazamwe kwa hadubini. Ikifika 150 na kuendelea, hadithi imeishia hapo. Ikibaki chini, au ikishuka, hapo tutatafuta mengine: VVU na homa ya ini, ambavyo wakati mwingine hujionyesha kwanza kwa PLT pekee, pombe kali, upungufu wa vitamini B12, dawa kama kwinini, na bandama iliyovimba, ambayo huko kwenu kandokando ya ziwa kichocho cha tumbo huweza kuileta. Upo pia ugonjwa ambao kinga hugeukia chembe sahani za mwenyewe. Mwaka 1950 huko St. Louis, Marekani, daktari William Harrington alijitia mwilini damu ya mgonjwa wa namna hiyo ili ajue sababu iko wapi. Baada ya saa chache chembe sahani zake mwenyewe zilikuwa zimeporomoka na akapata degedege. Alipona, nasi tukajua kwamba sababu inasafiri ndani ya damu. Ugonjwa huo una dawa, na wengi wanaoupata wanaishi miaka yao yote.

Msisubiri siku ya kipimo kama atatokwa damu isiyokoma, choo kikiwa cheusi kama lami, macho yakiwa ya manjano, kichwa kikimuuma isivyo kawaida au akianza kuchanganyikiwa. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo.

Na bodaboda. Kwa 78 bila kuvuja, hakuna ninachoweza kumkatazia kwa sababu ya chembe sahani peke yake. Nguvu zikirudi anaweza kuendesha. Ila wiki hii akipumzika sitasikitika, na siku atakayorudi barabarani avae helmeti kichwani, asiitundike kwenye usukani.